Sarafu Juu ya Barafu

Siku yangu ya kwanza katika jiko baridi la hoteli moja ya ufukweni hapa Mwanza, Mpishi Mkuu hakunisalimia. Alinipa kijiko, akanionyesha sufuria tatu za maziwa yaliyoletwa asubuhi ile, akasema, "Moja ina maji. Niambie ipi." Nikaonja zote, nikataja ya katikati kwa sababu ilikuwa nyepesi mdomoni. Akatikisa kichwa. "Zote zina maji. Nilikwambia moja, ukaniamini. Hapa huamini mtu, hata mimi."

Jiko baridi ni sehemu ya jiko la hoteli isiyokuwa na moto: saladi, matunda, juisi, na mambo ya aiskrimu. Vijana wengi hulidharau, wanakimbilia kwenye majiko yanayotoa moshi na sifa. Lakini nyama iliyoharibika hujitangaza yenyewe kwa harufu. Kitu cha baridi kinaweza kukutazama kikiwa kizuri kabisa huku ndani kimeshaoza. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kushuku, na mimi nilikuwa na kipaji hicho tangu tumboni mwa mama.

Nimestaafu sasa, nakaa Kiseke. Nawaandikia ninyi mnaoingia kazi hizi, na yeyote anayetaka kula kitu kizuri nyumbani kwake. Lakini sitawaficha: naandika pia kwa ajili ya jina la mwanamke mmoja, jina nililolichafua mwenyewe mbele ya wakubwa. Nataka lisafishwe palepale lilipochafuliwa, yaani katika habari za kazi.

Kwanza chakula chenyewe. Baada ya miaka michache, Meneja wa Vyakula aliniazima kwa nyumba ya wageni ya masista kule Pasiansi. Sista Msimamizi alikuwa Mwitaliano aliyekaa nchini hadi Kiswahili chake kikanyooka kuliko changu. Siku za sikukuu alikuwa akitengeneza kitu cha kwao, rahisi hata nikadhani ananificha nusu yake. Aiskrimu ya vanila kwenye bilauri, kahawa moto juu yake. Basi.

"Na sukari?" nikauliza.

"Hakuna."

"Kuna unga gani umetia kwenye kahawa?"

"Deo," akasema, "wewe ukienda mbinguni utamwomba Mtakatifu Petro kitambulisho."

Nilichunguza juma zima kabla sijakubali kwamba hakuna kilichofichwa. Siri ni adabu tu. Bilauri ikae kwenye friza nusu saa kabla. Aiskrimu iwe ngumu, mabonge mawili, ichotwe kwa kijiko kilichochovywa maji ya moto. Kahawa iwe kidogo, nyeusi, nzito, imetoka jikoni sasa hivi. Kama huna mashine, lile birika dogo la Kiitaliano la sehemu mbili linatosha: maji chini, kahawa katikati, mvuke unasukuma kahawa juu. Kama huna hata hilo, chemsha kahawa nzito kwenye sufuria na uichuje kwa kitambaa safi. Kahawa yenyewe ikaguliwe. Nyunyiza unga wake juu ya maji baridi. Unga wa kahawa huelea kwa muda. Ukiona sehemu inazama upesi, jua muuzaji amekuchanganyia mahindi ya kukaanga.

Halafu jambo moja ambalo Sista hakulifanyia mchezo. Kahawa haimiminwi jikoni. Unampelekea mgeni bilauri na kikombe, unamimina mbele ya macho yake, naye anakula palepale, kabla aiskrimu haijaisha kuyeyuka. Nilipenda sana utaratibu huo, maana ulinikumbusha kwetu, ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukoba. Kwetu mgeni alikuwa akipewa kahawa ya kutafuna, na babu yangu alitangulia kutafuna mwenyewe ili mgeni aone haina kitu. Nikajua hata Waitaliano wanashukiana.

Niliporudi hotelini nikamweleza Mpishi Mkuu kwamba jina la chakula hiki kwa lugha yao ni kitu kilichozamishwa. Akaacha kisu. "Umekaa Mwanza miaka mingapi? Unataka kuwauzia watu wa ziwani kitu kilichozama? Kiite aiskrimu na kahawa." Kikaandikwa hivyo kwenye orodha, na kikapendwa.

Tatizo letu lilikuwa umeme. Aiskrimu iliyoyeyuka ikaganda tena ni adui: inakuwa na chembechembe za barafu, na tumbo la mgeni linaweza kukusimulia habari nyingine. Lakini kwa macho huwezi kujua kilichotokea wakati hupo. Hivyo Mpishi Mkuu alitufundisha glasi ya sarafu. Unagandisha maji kwenye glasi, unaweka sarafu juu ya barafu, unaiacha ndani ya friza. Umeme ukikatika muda mrefu barafu inayeyuka, sarafu inazama. Umeme ukirudi, maji yanaganda na sarafu iko chini. Ukiikuta juu, uza. Ukiikuta chini, mwaga. Niliipenda ile sarafu kuliko mfanyakazi yeyote wa pale, kwa sababu haikuwa na ndugu wala njaa.

Sasa Zainabu. Alikuwa binti wa fundi cherehani wa Mkolani, tukaingia jiko baridi mwaka mmoja. Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko yangu, na kila mtu alijua, pamoja nami. Nafasi ya msimamizi wa jiko baridi ilipokaribia kuwa wazi, Mpishi Mkuu alituambia wazi kwamba atachagua mmoja kati yetu wawili.

Jumamosi moja mchana nilibadilisha maji ya ile glasi, kwa sababu mtu alikuwa ameweka sato ndani ya friza na barafu ikashika shombo. Nikajaza maji mapya. Baada ya muda nikagusa juu, nikaona pameganda, nikatoa sarafu mfukoni mwa suruali, nikaiweka. Zamu yangu ikaisha, Zainabu akaingia. Jumapili asubuhi nikafungua friza, sarafu iko chini kabisa, imegandiana na kitako cha glasi. Na siku hiyo tulikuwa na chakula cha harusi.

Nikatazama huku na huku kama askari. Friza ilikuwa inatumia soketi pekee iliyokuwepo ukutani. Zainabu akaja kazini, sare yake imepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono inakata. Nikaunganisha mawili hayo kichwani, nikaona nimemaliza kesi: amechomoa friza ili apige pasi, akasahau kuirudisha hadi aiskrimu ikayeyuka.

Meneja wa Vyakula alituita sote mbele ya friza.

"Umemwona akichomoa?" akaniuliza.

"Sikumwona, bwana. Lakini itazame sare yake, halafu itazame sarafu."

Zainabu alisema, "Nimepiga pasi nyumbani. Pasi ya mkaa. Muulizeni mama yangu."

"Mama atasema nini zaidi ya hayo?" nikajibu.

Akaacha kumtazama Meneja, akanitazama mimi. "Kaka Deo, niache mimi. Onja aiskrimu. Onja kwanza kabla hamjaimwaga. Ulimi wako utakwambia."

Kijiko kilikuwa mkononi mwangu. Niliingia kazi ile kwa kuonja, mshahara wangu ulikuwa wa kuonja. Nikamwambia, mbele ya watu wote, "Sarafu haina sababu ya kusema uongo. Wewe unayo."

Aiskrimu yote ikamwagwa nyuma ya jiko. Zainabu akahamishiwa kwa dobi kukunja mashuka, na kabla mvua za msimu ule hazijaisha aliacha kazi. Nafasi ya usimamizi nikapewa mimi, nikaishika hadi siku ya kustaafu. Waliniaga kwa keki na hotuba, na Meneja wa wakati huo akasema, "Katika jiko la Mzee Deo hakuna aliyewahi kudanganya akapona." Wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Miezi michache iliyopita binti yangu Editha aliniletea friza ndogo na lile birika la Kiitaliano. Nilivishuku vyote viwili. Birika nililichemshia maji matupu mara tatu. Friza nayo, mpira wa mlango wake ulionekana kwangu mwembamba, na umeme wa Kiseke una mambo yake. Nikajaza glasi, nikaiweka ndani. Baada ya muda nikagusa juu, pameganda. Nikatoa sarafu mfukoni, nikaiweka. Kama ningefunga mlango na kuondoka kama mtu wa kawaida, ningekufa bila kujua. Lakini kwa kuwa sikuiamini ile friza, nilifungua tena baada ya kitambo kidogo kuhakikisha.

Juu palikuwa na kitobo cha ukubwa wa sarafu. Sarafu yenyewe ilikuwa chini ya glasi, ndani ya maji.

Barafu ilikuwa utando tu, chini yake maji tele, na sarafu ilikuwa na joto la mfuko wangu. Ilitoboa ikazama yenyewe. Umeme ulikuwepo, friza inanguruma. Nilivuta kigoda nikakaa pale pale jikoni. Editha akaniuliza kama presha imepanda. Nikamwambia, "Hapana. Nimemfukuzisha mtu kazi."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na sitaki kuipunguza kwa maneno. Kukosea kuhusu barafu ni kukosea kwa kazi. Lakini nimejiuliza usiku na mchana kwa nini siku ile sikuonja, mimi niliyeonja hata chumvi. Jibu ninalo, silipendi. Nafasi ilikuwa moja.

Nilikwenda Mkolani. Haikuwa kazi kumpata. Anauza chai na vitumbua, na kibanda chake kina meza iliyosuguliwa hadi inang'aa. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Deo wa sarafu," akasema. "Umepotea njia?"

"Nimekuja kukualika nyumbani, Dada Zainabu. Kiseke. Jumamosi mchana."

"Kunipa nini?"

"Aiskrimu na kahawa."

Hakucheka. Aligeuza vitumbua vyote kikaangoni, kimoja kimoja, kisha akauliza, "Nani mwingine atakuwepo?"

"Binti yangu."

"Basi nitakuja. Mbele ya shahidi."

Jumamosi alifika. Editha akampokea, "Shikamoo, mama," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa akatoa kijiko chake mwenyewe. Akakiweka mezani. Sikushangaa, maana ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Nilileta bilauri iliyoshika ukungu wa baridi, mabonge mawili. Kabla sijagusa birika akauliza kama ndani yake kuna pombe, kwa kuwa hotelini wageni wengine walikuwa wakiongezewa. Nikamwambia hakuna, nikamfungulia birika anuse. Akanusa. Nikamimina mbele ya macho yake. Aiskrimu ikapasuka kidogo, ikaanza kuteremka ndani ya weusi.

Nikamsogezea. Akanirudishia bilauri pamoja na kile kijiko chake.

"Onja kwanza," akasema.

Nikachota, nikaonja. Ilikuwa tamu, laini, bila chembe hata moja. Nikaweka kijiko chini nikamweleza yote: shombo la sato, maji mapya, utando, joto la mfuko. Nikamwambia kwamba umeme haukukatika na yeye hakuchomoa kitu. Nikamwambia pia habari ya nafasi moja, kwa sababu bila hiyo ningekuwa bado namdanganya. Editha alikuwa amesimama mlangoni, anasikia.

Zainabu akawa anaitazama bilauri. Aiskrimu ikayeyuka yote.

"Siku ile nilikwambia uonje," akasema mwishoni.

"Uliniambia."

"Mama yangu aliulizwa na jirani kila siku kwa nini nimeacha kazi hotelini. Amekufa anaulizwa."

"Nisamehe, Dada Zainabu."

"Hilo siwezi kukujibu kwa bilauri moja." Akavuta bilauri, akafuta kijiko chake kwa kitambaa, akala ile aiskrimu iliyoyeyuka, taratibu, mpaka kijiko kikagonga kioo. "Ile ya harusi ilikuwa hivi?"

"Sijui," nikasema. "Hakuna aliyeionja."

Akatikisa kichwa, akafunga kijiko chake kwenye kitambaa. Nilifikiri anakirudisha mkobani. Akakiweka juu ya friza yangu, akaniambia, "Hiki kikae hapa. Nikirudi nisikikute kwenye droo na vijiko vyenu."

Hajarudi bado. Glasi ya sarafu nimeiondoa. Umeme ukikatika na kurudi, nafungua friza, nachukua kijiko cha kwangu, naonja.