Mchezo Tuliochagua Badala ya Safari

Mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya reli. Kila mwaka alipopata konje, yaani likizo yake, tulipewa karatasi ya kusafiri bure hadi kaskazini, kwa mama yake. Mwaka wa pili wa kujitenga kwa Katanga, karatasi haikutolewa. Watu wa huko walikuwa wamekataa kujitenga, kulikuwa na vita, na njia ya reli ilikuwa imekatwa. Mkuu wake alimwambia apumzike nyumbani. Sisi tulikuwa hatujapata habari za mama mkwe tangu mvua za kwanza, lakini mume wangu hakutaka jambo hilo litajwe. Siku hiyo alirudi nyumbani, mtaani kwetu Kamalondo, akawaambia watoto, kwa uchangamfu uliopita kiasi:

"Mwaka huu tutaenda ku teatre!"

Kisha akaniachia mimi kazi ya kuchagua mchezo wa jukwaani.

Nilidhani ni kazi nyepesi. Binti yetu wa miaka kumi, aliyesoma kwa masista, alitaka mchezo wa Kifaransa uliotangazwa mjini, katika ukumbi ambao zamani watu weusi waliingia kufagia tu. Mdogo wake wa miaka sita alitaka vikaragosi vya padri, vile vya mbao vinavyopigana kwa fimbo. Mimi mwenyewe nilipenda wachekeshaji wa hapa Kamalondo, waliocheza kwa Kiswahili chetu mchana, maana usiku ilikuwa marufuku kutoka. Nilimuuliza mume wangu.

"Vikaragosi?" akasema. "Ile iko ya batoto badogo."

"Basi bachekeshaji."

"Bale balevi?"

"Basi ule wa Kifaransa."

"Sawa. Lakini weye utasikia nini mule?"

Maneno yale yaliniuma. Kifaransa changu kilikuwa cha salamu na cha sokoni, na yeye alijua. Nikaamua kwamba hata nikikaa mle ndani kama gogo, watoto wangu watakaa kwenye vile viti vya mjini.

Hata hivyo, kwa ajili ya mtoto mdogo, nilitembea kwanza hadi misheni. Padri alinieleza kwa masikitiko kwamba bwana aliyechezesha vikaragosi alikuwa amekimbilia Rhodesia, na ufunguo wa sanduku ameondoka nao. Kesho yake nikaenda mjini kusoma tangazo. Mahali palipoandikwa saa palikuwa pamebandikwa karatasi nyingine, ya mkutano. Nikarudi tena siku ya tatu, nikamkuta mama mmoja wa Kizungu kwenye dirisha la ukumbi. Akasema Jumamosi, saa tisa alasiri. Nikamwomba aseme tena. Akasema tena, polepole, kama anayesema na mtoto.

Jumamosi tukavaa. Niliwapigia watoto nguo pasi, hadi soksi. Kwenye njia inayopita chini ya reli, kati ya Kamalondo na mjini, askari walikuwa wamesimamisha watu. Mume wangu alitoa kitambulisho chake cha kazi. Askari akasoma mahali alipozaliwa, akainua macho.

"Weye ni muntu wa kaskazini."

"Mi ni muntu wa reli. Miaka kumi na mbili niko hapa."

"Unaenda wapi na hawa batoto?"

"Ku teatre."

Askari akamwita mwenzake aje kumsikia mtu anayekwenda teatre. Walicheka. Wakatuweka pembeni juani, wakapekua mfuko wangu, wakala karanga nilizowabebea watoto. Mume wangu alisimama wima wakati wote, mikono ubavuni. Walipotuachia, saa tisa ilikuwa imepita.

Tulikimbia, mimi na viatu mkononi. Mlango wa ukumbi ulikuwa umefungwa. Mama yule yule wa dirishani akafungua nusu ya dirisha akasema ukumbi umechukuliwa na wakubwa tangu asubuhi, kwa mkutano. Turudi Jumamosi ijayo. Jumamosi ijayo konje itakuwa imekwisha, nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti, na sikujali kama anasikia. Mtoto mdogo akaketi kwenye ngazi akalia. Binti yangu akaniangalia.

"Mama, ulisema uliuliza."

Nusura nimpige kofi. Mara tatu nilikuwa nimetembea!

Tuliporudi Kamalondo tukasikia vicheko kutoka ukumbi wa wachekeshaji. Sikumuuliza mume wangu. Niliwashika watoto mikono nikaingia, naye akafuata. Tukapata nafasi kwenye benchi la nyuma.

Jukwaani alikuwako mtu ameketi juu ya mizigo yake, anangoja treni. Kila mpita njia alimwambia treni haiji, na yeye alimjibu kwa adabu kwamba amesikia mlio wake. Akatoa chakula alichokuwa akimpelekea mama yake, akakila kidogo kidogo, akimwomba radhi mama kwa kila tonge. Watu walikuwa hoi kwa kucheka. Mwanangu alicheka hadi akateleza kwenye benchi. Mimi pia nilicheka, kabla sijakumbuka nani ameketi kando yangu.

"Simama, tuende," mume wangu akasema.

"Batoto banafurahi."

"Minasema tuende."

"Hapana. Mi nimechoka kuzunguka. Nitabakia hapa."

Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo mbele ya watu. Akatoka peke yake. Nilikaa hadi mwisho, na kusema kweli sikuona tena kitu. Nilikuwa na hasira naye, na wachekeshaji, na yule mama wa dirishani, na mimi mwenyewe niliyemleta.

Tulimkuta nje, amesimama na mgongo kwetu. Siku tatu baadaye, tukiwa mezani, akamgeukia binti yetu.

"Ule muntu wa treni, mwisho alifanya namna gani?"

"Treni haikuya, papa. Akabeba mizigo, akarudi kwake."

"Ni ile tu?"

"Njo ile tu."

Akafinya tonge la bukari, ugali wetu, asilitie kinywani.

"Sasa bantu balikuwa banacheka juu ya nini?"

Binti yangu aliniangalia nimsaidie. Nikamwongezea mume wangu mboga kwenye sahani, ingawa ilikuwa bado imejaa, naye akala bila kuinua kichwa.