Mwindaji wa Nyota Apewa Kambale

Mjukuu wangu aliweka karatasi mezani akaniambia nijaze. Ilikuwa na vyumba kama fomu za mizigo nilizojaza maisha yangu yote ya ukarani bandarini Itungi, ila hii haikuuliza magunia. Iliuliza mhusika wako ni nani, ana silaha gani, ana msaidizi gani, ana kasoro gani, na kwa nini anafanya hayo anayoyafanya.

"Babu, mwezi mzima unachungulia mlangoni. Leo ingia."

Mjukuu huyu ni mwalimu wa sekondari hapa Kyela, anaishi kwangu Bondeni. Jumamosi mchana walimu wenzake huja, wanakaa sebuleni, wanacheza mchezo usio na ubao wala mpira. Yeye huwa msimulizi. Wengine kila mmoja anakuwa mtu fulani katika nchi ya kubuni yenye wafalme, wachawi na majoka ya ziwani. Ukitaka kuruka mto unasema "naruka", kisha unarusha dadu yenye pande ishirini. Ikija namba kubwa umevuka, ikija ndogo umeloa. Mara ya kwanza nilidhani wanagombana.

Nilijua papo hapo nitamwingiza nani. Moyo ulinidunda kama wa kijana aliyeitwa kucheza namba tisa.

"Ninaye mtu," nikasema. "Mwanamke. Anawinda watoro. Wakuu wa sayari wanatangaza zawadi kwa atakayemkamata fulani, naye anapanda chombo chake anamfuata huko huko kwenye nyota."

"Sayari? Babu, kwetu hakuna sayari. Kuna mikuki na uchawi. Hakuna hata baiskeli."

"Basi tumbadilishe."

Tukambadilisha. Sijawahi kufurahia kazi ya kalamu namna ile. Chombo chake cha angani kilikuwa kinaongea naye, kikimkosoa akikosea njia, kwa hiyo tukampa mtumbwi wa mti mmoja wenye mdomo mchafu. Bunduki yake ya mwanga ilitusumbua hadi radi ilipopiga upande wa milimani, bati likatetemeka, tukatazamana. Radi! Tukaifungia kwenye kibuyu, akifungua kizibo inatoka. Mjukuu akaweka sharti kwamba radi ni tatu tu, zikiisha asubiri mvua.

"Kwa Kyela atasubiri dakika ngapi?" nikamuuliza. Akacheka mpaka kalamu ikamdondoka.

Iliyobaki ni mashine ya kunusa. Yule mwindaji alikuwa na mashine yenye waya mbili mbele, iliyonusa nyayo za mtoro hata kama alipita juzi. Mjukuu akapendekeza mbwa. Nikakataa, mbwa kila mtu anaye. Nikafikiri waya mbili, waya mbili, ndipo nikapiga meza.

"Kambale! Ana sharubu. Anakaa kwenye chungu cha Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, mwindaji anambeba kichwani. Akifika penye maji anamtia, kambale ananusa, anaonyesha njia."

"Babu, huyo samaki ananusa nyayo?"

"Hapa kwetu nani anakimbia bila kukanyaga maji?"

Akaandika: kambale, anaongeza mbili kwenye dadu ya kutafuta. Akafika chumba cha mwisho, kile cha sababu. Akasubiri.

"Sijui," nikasema.

"Buni."

"Siwezi kubuni. Huyu si wangu. Ni wa mama yako."

Hapo nikalazimika kumweleza, naye alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa. Mama yake, binti yangu, alipokuwa kidato cha nne aliandika hadithi kwenye kaunta buku. Tulikuwa tunaishi Ngana wakati huo, kando ya mto. Matokeo ya mtihani wa majaribio yalikuja, Hesabu ameanguka, nami nikapekua chumbani kwake nikaikuta chini ya godoro. Nilikaa jikoni nikaanza kusoma ili nipate ushahidi wa kumkaripia. Nilisoma kurasa saba. Kisha nikaitia kwenye moto, chini ya sufuria ya maharage.

Wiki ile ile mto ukafurika, maji yakaingia ndani mpaka magotini. Watu wa Kyela watanielewa. Kwetu mto huchukua kila kitu, na kila kisichoonekana husemwa kimechukuliwa na mto. Kuku wa jirani aliyeliwa, jembe lililoazimwa, vyote mto. Binti yangu aliponiuliza kuhusu daftari lake nikamjibu bila kupepesa, "Mto umechukua." Mke wangu, marehemu sasa, alikuwa akikausha mikeka. Aliniangalia, akaendelea kukausha.

Binti alifaulu, akasoma, leo ni mhandisi wa maji mkoa mwingine. Miaka yote nilijisifu kwa watu kwamba nilimlea kwa ukali ndiyo maana kafika. Sijawahi kumwona akiandika hadithi tena.

Mjukuu alinisikiliza, dadu mkononi. Akasema, "Mama anakuja likizo Jumamosi ijayo. Bila sababu, mwindaji wako haingii mchezoni. Hiyo ndiyo sheria."

"Nikimuuliza sababu, atajua nilisoma. Akijua nilisoma, atajua mto haukuchukua."

"Ndiyo, babu."

Wiki hiyo nilikuwa kama mtu anayesubiri harusi na kesi siku moja. Asubuhi namchora mwindaji na chungu chake kichwani, nacheka peke yangu. Mchana nalitazama lile pengo kwenye karatasi na hamu ya chakula inakwisha.

Jumamosi mvua ilikuwa kubwa, walimu wengine hawakuja. Tukawa watatu. Binti yangu alikaa na kikombe chake cha chai, akasema yeye ni mtazamaji tu, michezo ya watoto haiwezi. Nikamsukumia karatasi. Nadhani nilikuwa na furaha zaidi kuliko woga, maana nilitaka sana aone kambale.

Akasoma. Akatabasamu alipofika kwenye mtumbwi wenye mdomo mchafu. Akafika kwenye radi, tabasamu likapungua. Alipofika kwenye kambale na sharubu zake za kunusa akaweka kikombe chini.

"Baba. Huyu mlimtoa wapi?"

"Kwenye daftari lako."

"Lililochukuliwa na mto."

"Halikuchukuliwa na mto. Nililichoma mimi. Nilisoma kurasa saba, nikalichoma, nikakudanganya."

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba nilihofia hakusikia na itabidi nirudie. Alikuwa amesikia. Aliinuka akaenda barazani, akasimama akitazama maji yanavyokimbia mtaroni. Mjukuu alitaka kumfuata, nikamzuia. Alikaa huko muda wa kutosha chai kupoa. Aliporudi nguo zilikuwa zimerushiwa maji upande mmoja.

"Ulifika wapi?" akaniuliza.

"Pale anapoteremka kwenye sayari ya chumvi. Mlango unafunguka, anamkuta mtoro ametulia, anamenya."

"Anamenya nini?"

"Ndizi."

Akanitazama. Kisha mdomo ukamshinda, akacheka kwa sauti, akijifuta macho na kiganja. "Ndizi! Sayari nzima ya chumvi, hakuna hata jani, na mtu anamenya ndizi! Kwa nini hukuniambia hilo ni kosa?"

"Sikuliona kama kosa. Nilitaka kujua kazipata wapi."

Akavuta kalamu. Kwenye chumba cha sababu akaandika kwa mwandiko wake wa haraka, huku akisoma: "Anawinda watoro kwa sababu anataka kuwasikia wakijieleza." Akamgeukia mwanawe. "Karatasi hii ni yangu sasa. Naanza na mtoro wangu wa kwanza. Mzee mmoja wa Bondeni. Kosa lake ni kusingizia mto."

"Mama!"

"Msimulizi, fanya kazi yako."

Mjukuu akanyoosha mgongo, sauti ikabadilika. Akasema mzee amesikia anatafutwa, amekimbilia kwenye mashamba ya mpunga, amelala kifudifudi majini. Arushe dadu ya kujificha. Nikarusha. Kumi na saba! Nilishangilia, Mungu anisamehe, nikapiga makofi kama mtu asiye na hatia.

"Umeshakwisha mama," nikamwambia. "Kwa kumi na saba hata mamba hanioni."

"Subiri kwanza, mtoro."

Akaitikisa dadu mikononi, akaiachia. Ikabingirika mpaka kwenye kikombe, ikasimama. Kumi na sita.

"Nimepona!" nikapiga kelele.

Mjukuu akaweka kidole kwenye karatasi, mahali nilipoandika mwenyewe kwa herufi zangu za ukarani. "Yuko ndani ya maji, babu. Kambale anaongeza mbili."

Sote watatu tulipiga mayowe. Binti yangu alisimama, akanishika mkono wa shati kama askari. "Mtoro amekamatwa. Jieleze."

Nikajieleza. Nilimwambia sikulichoma kwa sababu ya Hesabu peke yake. Nililipenda lile daftari, na nikaogopa kwamba na yeye atalipenda kuliko kitu kingine chochote. Nilimwambia nilipotupa karatasi ya kwanza nilijua nakosea, nikatupa na ya pili. Kuhusu mto sikuwa na cha kujitetea.

Hakusema amenisamehe. Alirudi kukaa, akanywa chai yake ya baridi, akatoa hukumu: nitaandika upya zile kurasa saba, kwa mkono, kwa kadiri ninavyokumbuka. Ya nane ataiandika yeye.

Jumatatu nilinunua kaunta buku. Mpaka leo nimefika ukurasa wa tano, na kila Jumapili baada ya ibada namsomea kwenye simu. Wiki iliyopita alinikatisha katikati.

"Hapana, baba. Mlango wa chombo ulifungukia chini, siyo pembeni. Futa."

"Ndaga fijo," nikamshukuru kwa Kinyakyusa, nikafuta.

"Na zile ndizi zisiguswe," akasema. "Kwenye ukurasa wa nane nitaeleza zilitoka wapi."