Yudith na Mtihani wa Jiwe la Kusagia

Mwaka 1958 Yudith alikuwa mwalimu aliyehitimu siku nyingi, mwenye jina zuri huko Haneti, lakini bado alikuwa na kiu ya elimu. Mjini Dodoma yalipofunguliwa mafunzo ya juu ya kupima akili za wanafunzi na kuwashauri, aliomba, akakubaliwa, mwanamke pekee kati ya wanaume.

Likabaki jaribio la mwisho: ampime mtoto mmoja, aandike ripoti, apate cheti. Alipewa Loisi, binti ambaye mwalimu mkuu wa Haneti alitaka kumrudisha nyumbani kwa kuwa hafungui mdomo darasani. Ripoti hiyo ndiyo ingeamua.

Kanuni zilitaka mtoto awe peke yake, mlango ufungwe, aketi uso kwa uso na mpimaji. Yudith akazifuata zote. Loisi akainamisha kichwa, kimya, hadi muda ukaisha. Yudith, Mgogo wa kuzaliwa, alipaswa kujua: kwao mtoto akiitwa na mkubwa na mlango ukafungwa, ana kesi. Lakini usomi ulikuwa umemkolea hadi akasahau kwao.

Alasiri akaenda kumjulia hali mama yake Loisi, akamkuta binti anasaga uwele. Yudith akajifunga kanga kiunoni, akapiga magoti kwenye jiwe la pili. Wakasaga bega kwa bega bila kutazamana, kama wanawake wasagavyo, naye akawa anayachomeka yale maswali moja moja. Loisi akajibu yote, tena akamcheka mwalimu kwa unga wake wenye chenga.

Mkufunzi, bibi wa Kiingereza asiye na ubaya, alimsikiliza, kisha akasema majibu ya jiweni si kipimo. Aandike ya chumbani, vinginevyo cheti hakipo.

"Na mtoto je?" Yudith akauliza.

"Mtoto ameshapimwa."

Yudith akaandika ya jiweni. Msimdhanie shujaa, aliandika huku akimlaani bibi yule, na nafsi yake zaidi. Mwalimu mkuu, asiyejali majibu yalipatikana wapi, akamwacha Loisi darasani. Vyeti wakapewa wanaume.

Siku chache baadaye Loisi alimfuata uwanjani, akapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu. Mama anasema umemaliza masomo ya mjini."

"Marahaba. Nimemaliza."

"Hongera, mwalimu."

Yudith akamshika mkono, akamwinua.

"Ahsante," akasema, akamhimiza awahi darasani.