Vijiti vya ramli mbele ya balozi

Tukuyu, Jumapili jioni

Dada Tumpe,

Leo nimeponea chupuchupu kuitwa mchawi!

Tangu mume wangu afariki, mikono yangu inataka kazi. Basi nilikuwa nachonga vijiti vya ramli alivyotufundisha yule mwalimu wetu wa shule kutoka Ayalandi: kila kijiti mti wake, na mikato ni herufi ya kwanza ya jina la mti huo, kwa maandishi ya kale ya kwao.

Mama mkwe akaingia na balozi wa nyumba kumi.

"Mjane na ramli!" balozi akafoka. "Unamtafuta aliyemroga mumeo?"

Nikaviweka vyote chini, dada.

Mama mkwe akaokota kimoja. "Mti gani huu?"

"Mparachichi, mama. Ule alioupanda mwanao."

Akakifunga kwenye pindo la khanga. "Ndaga, asante, mwanangu."

Balozi kasema kesho nijieleze kwenye mkutano wa kijiji. Mama mkwe kasema tutakwenda sote, ila bado naogopa.

Unikumbuke katika sala.