Samaki Aliyeliwa Pamoja na Kichwa Chake

Kwao Kanyakine, chini ya mlima, samaki hakuwa chakula. Alikuwa nyoka wa majini, na aliyemshika alinawa mbali na watu. Thuranira aliyajua hayo yote, lakini kazi ni kazi, akakubali kumbebea vyombo vya kuvulia Mzungu mmoja wa polisi ambaye watu walimwita Bwana Ndevu. Walikuwa wakipanda mlima, wakiuvuka msitu, hadi lile ziwa dogo la baridi ambako Wazungu waliwatia samaki wao wa madoadoa.

Bwana Ndevu hata hakuwa mlaji sana. Raha yake ilikuwa gazeti. Akivua samaki wa maana anaandika Nairobi, halafu jina lake linachapwa pamoja na uzito wa samaki, naye anawasomea askari kwa sauti huku akiongeza chumvi. Thuranira hakujua kusoma, ila utamu wa jambo lile aliuelewa vizuri sana.

Aliyemdharau zaidi kwa sababu ya kazi hiyo ni shemeji yake Munyi, mume wa dada yake Peninah. Siku ya kuleta mbuzi wa mahari, mbele ya wazee, Munyi alipokezwa kibuyu cha uji ambacho Thuranira alikuwa amekinywea. Akakinusa, akamwaga uji chini. "Mimi sinywi na mla nyoka." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Thuranira naye akacheka, angefanyaje? Na jamani, hata kuonja alikuwa hajaonja. Neno lile lilimkaa kooni miaka.

Ikaja hali ya hatari. Munyi akaingia msituni na wapiganaji waliowapinga Wazungu. Peninah na watoto wakahamishiwa kwenye kijiji kilichozungushiwa mtaro na miti iliyochongwa ncha, na kwa muda mrefu Peninah hakujua kama yeye ni mke au ni mjane.

Vita vilipoanza kupoa, Bwana Ndevu akapata ruhusa ya kwenda ziwani tena, na askari wa kumlinda. Siku hiyo Thuranira alizunguka peke yake hadi kwenye kijito kutumbua samaki. Mtu akamwita kwa jina kutoka kichakani. Alikuwa Munyi, mifupa mitupu, nywele zimemwangukia mabegani. Thuranira akamnyooshea samaki bila hata kufikiri. Munyi alimla mbichi, na macho, na kichwa.

"Usimwambie mtu," alisema akifuta mdomo. "Peninah tu. Huwa napita hapa kijitoni."

Jioni ile Thuranira alimwambia dada yake. Peninah alilia, kisha akauliza, "Alishiba?"

"Alishiba."

Angeishia hapo angekuwa mtu mzuri mpaka leo. Lakini kesho yake, kwenye kazi ya lazima ya kuchimba mtaro wa kijiji, mtu mmoja akamwambia asogee kule, ananuka nyoka. Na Thuranira, ambaye hakuwa na gazeti ila mdomo alikuwa nao, akaegemea jembe. "Mnajua nani anakula nyoka siku hizi?" Akawaigizia Munyi mwenye maringo, anavyotafuna, anavyofyonza jicho. Watu waliangua kicheko. Mahali hakutaja. Ati hakutaja! Nani asiyejua Bwana Ndevu huvua wapi? Na mlinzi wa kijiji, mtu wa serikali, alikuwa juu ya mtaro na mkuki wake, anacheka pamoja nao.

Askari walimvizia Munyi, wakampata palepale kijitoni. Maiti yake waliileta imefungwa kwenye mti, wakailaza langoni ili kila mtu aione. Baadaye Bwana Ndevu alimsomea Thuranira gazeti lililosema kwamba ziwa sasa ni salama kwa wavuvi, akampiga bega kwa furaha. Thuranira aliweka kikapu chini akaenda zake, hakurudi tena.

Alijichukia. Alimpasulia Peninah kuni, akamwezekea nyumba, akamlimia shamba. Kila alipoambiwa asante aligeukia kazi nyingine. Mara nyingi alikwenda kwake amejiandaa kusema, akaishia kuuliza habari za mbuzi.

Hali ya hatari ilipoondolewa, Peninah alimwita. Alikuwa amepika samaki mzima, na kichwa chake, watoto wameketi kuzunguka sufuria.

"Baba yao alimla," alisema. "Hawa hawatamwita samaki nyoka. Anza wewe."

Thuranira akala, mara yake ya kwanza.

"Sasa wasimulie. Vilevile ulivyosimulia kwenye mtaro."

Thuranira akaacha kutafuna. "Nani alikuambia?"

"Niambiwe na nani? Nilikuwa nyuma ya lundo la udongo wa mtaro, na karai kichwani. Nilisikia yote." Peninah alimtazama usoni. "Na nilicheka, mwana wa mama. Nilikuwa sijasikia jina lake likitajwa mbele za watu tangu aondoke. Nilicheka kuliko wote."

Watoto walikuwa wameacha kula, wanamngoja. Thuranira akatema mwiba mkononi, akatafuta pa kuanzia.