Mkanda wa Shemeji

Mama Mikanda hamfungi rubani aliyevaa koti. Wanalijua hilo wote wanaorusha ndege za kivita za zamani, zile zinazotunzwa ndani ya banda kubwa la mabati pembeni mwa uwanja mdogo wa ndege. Ukija na koti, unalitundika kwenye msumari. Ukija na sweta, unaivua. Unabaki na shati moja, hata kama asubuhi yenyewe ni ya kutetemeka meno.

"Mkanda haujui kubana sweta," huwaambia. "Unajua kubana mtu."

Pembe yake ya banda ina meza ndefu, dirisha moja na cherehani nzito aliyohama nayo kutoka kwenye karakana ya viti vya mabasi, alikoanzia kazi. Mikanda iliyokuja na ndege hizo imekwisha kuoza kwa jua na mafuta. Yeye huifumua mshono kwa mshono, aone ilivyoshonwa, kisha hushona mipya kwa utepe mnene wa nailoni: miwili ya mabega na miwili ya kiuno, yote ikikutana kwenye bizimu moja tumboni. Kukaza pia kuna utaratibu wake. Huanza wa kiuno, uketi chini kabisa kwenye mifupa ya nyonga, ndipo yafuate mabega. Rubani mwenye haraka huanza na mabega, na hapo mkanda wa kiuno hupanda tumboni, mahali pasipo na mfupa wa kuushikilia.

Mumewe ndiye aliyemwingiza katika kazi hiyo. Yeye na kaka yake mkubwa walinunua mzoga wa ndege ya kivita yenye kiti kimoja, wakaufufua kwa miaka mingi, jioni baada ya kazi na kila mwisho wa wiki. Mume alianguka bafuni akafa kabla ndege haijaacha ardhi. Aliyeirusha mara ya kwanza ni kaka mtu, na tangu hapo akawa anairusha kila mwaka siku ya maonyesho, watu wakiwa wamejipanga kwenye uzio. Mjane alikuwa akimfunga mikanda yeye mwenyewe. Ndege ilikuwa ndicho kitu pekee walichobaki nacho cha marehemu ambacho bado kilitembea.

Marehemu aliacha kitu kingine pia, fremu ya vyuma wanayoiita Bembea. Kiti cha ndege hufungwa humo kwa nati, rubani akakalishwa na kukazwa, kisha watu wawili wakaigeuza mpaka miguu ikatazama paa. Ukining'inia bila kuteleza, mkanda umekubali. Marubani wote wanaichukia.

Mwaka huo shemeji alikuja kupimwa akiwa na koti lililofungwa hadi shingoni.

"Vua koti, shemeji."

"Wewe mwanamke, unanivua nguo mbele za watu? Ngoja marehemu akusikie!"

Makanika wa ndege, aliyekuwa chini ya bawa, akacheka mpaka spana ikamtoka mkononi.

"Nimesema vua."

"Baridi imeniingia, shemeji yangu. Nipime hivihivi, mimi si mgeni. Mwili huu unaujua kuliko daktari."

Angekuwa rubani mwingine, angeambiwa arudi siku ya joto. Lakini mwanamke hasimami kumshurutisha kaka wa mumewe avue nguo, hasa akiwa anamchekesha. Akampima na koti lake. Mikanda ilikaa vizuri. Bembea ilipotajwa, shemeji alisema ametoka kula. Juma lililofuata akasema kichwa kinamgonga.

Siku mbili kabla ya maonyesho, makanika aligoma. "Kiti hakirudi kwenye ndege mpaka kimegeuzwa, mzee. Ukianguka huko juu nitaambiwa mimi ndiye niliyekaza nati vibaya."

Wakamkalisha. Mama Mikanda akakaza kiuno, akakaza mabega, akajaribu kupitisha kiganja chini ya utepe, hakikupita. Yeye na makanika wakashika fremu, wakaigeuza.

Shemeji alianguka. Hakufika sakafuni, kwa kuwa mikanda ilimdaka kwapani na kwenye mapaja, lakini aliachana na kiti kwa upana wa mkono mzima, akawa ananing'inia huku mikono ikipapasa hewa. Koti likamfunika uso. Chini ya koti kulikuwa na sweta, na chini yake sweta nyingine, na ya tatu. Zote zilikuwa zimenywea kwa uzito wake. Zilipojikunja kuelekea kifuani, mbavu zake zikaonekana, moja moja, kama za mtu aliyelazwa muda mrefu.

Wakamgeuza haraka. Makanika alisema anakwenda kutafuta maji, na hakurudi.

"Tangu lini?" Mama Mikanda aliuliza.

"Tangu mvua zilipoisha." Alikuwa anahema. "Saratani. Ilianzia kwenye kibofu, sasa iko kwenye mifupa. Usimwambie binti yangu, anajua nusu tu."

"Ungegeuza ndege, ungegonga kichwa juu. Usukani usingeufikia."

"Basi sitaigeuza. Nitapita moja kwa moja, mara moja, nitue. Punguza mikanda, shemeji. Unaweza. Nakuomba hilo tu, sikuombi lingine."

Aliweza, kweli. Alimvua koti na zile sweta tatu kwa mikono yake, akakata utepe, akashona upya huku shemeji amejifunika blanketi la makanika akimtazama. Kisha akamfunga, akiwa na shati moja tu. Mkanda wa kiuno ulipoanza kushika nyonga, shemeji alifumba macho. Mama Mikanda alipovuta wa bega, akasikia sauti ikimtoka shemeji, ndogo, ya mtu anayejizuia. Akalegeza. Akajaribu tena, taratibu zaidi. Sauti ileile.

"Kaza," alisema shemeji.

"Nikikaza mpaka ukushike, utakuvunja. Kutua tu kutakuvunja."

"Kaza, bwana! Nitavumilia."

Akafungua bizimu.

Shemeji alikaa kwenye kiti hicho muda mrefu, mikanda imelala pande zote mbili za mapaja yake. Mwishowe alivaa sweta zake, moja baada ya nyingine, akatoka bila kuaga.

Siku ya maonyesho ndege ilisukumwa nje ikasimama kwenye nyasi, na watu wakapiga picha nayo. Shemeji hakuja. Hakupokea simu pia. Binti yake ndiye aliyepiga, miezi miwili baadaye: "Mama mdogo, njoo. Anakuuliza."

Alikuwa amelazwa sebuleni kwa binti, kitanda kimesogezwa karibu na dirisha. Mama Mikanda alimrekebishia mto, akaketi. Walizungumza habari za makanika na paa la banda linalovuja. Kisha shemeji akasema, bila kumgeukia:

"Angekuwa mume wako, ungemfunga?"

"Nisingemfunga."

"Mwongo wewe."

"Nisingemfunga, shemeji."

"Yeye angekubembeleza vizuri kuliko mimi. Ungekaza." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Sikulaumu. Ila usinidanganye, nimebakiwa na muda mfupi."

Binti aliingia na dawa, Mama Mikanda akainuka kumpisha. Walipomaliza kumnywesha, mgonjwa alikuwa amesinzia.

Alikufa wiki hiyo hiyo, Mama Mikanda akiwa bandani, anampima rubani mwingine. Anasema tangu hapo amelirudia swali lile mezani, kwenye cherehani, hata kanisani. Kuna siku jibu ni hapana. Kuna siku anamwona mumewe kwenye kile kiti, akimwomba kwa ile sauti yake, na mikono yake mwenyewe inavuta utepe.