Tuvidonge twa utamu mu maziwa ya baba mukwe

Wakuu, jambo kwenu wote.

Nasoma nyuzi zenu tangu zamani bila kuandika, sababu masomo yangu iko kidogo na naogopa kuchekwa. Leo najaribu. Nitasema tu yenye ilinifikia mimi mwenyewe, na pale sina uhakika nitawaambia wazi sina uhakika.

Niko na boutique, kaduka kadogo, huku Bweremana, pembeni ya ziwa. Kwetu ni upande wa Butembo. Baba yetu alikufa na ugonjwa wa sukari. Tangu tumuzike, niliapa sukari haitapita tena mu koo langu.

Basi nikahamia ku sucré za zéro. (Nyinyi wa Dar munaita soda. Hii ni ile haina sukari.)

Asubuhi zéro, mchana zéro, magaribi zéro. Maji nilikuwa natumia kwa kunawa. Mu chai natia tuvidonge tweupe twa utamu, twenye tunauzwa mu kakopo kadogo ka plastiki. Kakopo hako nilikuwa natembea nako mufukoni kila mahali, sawa vile mama yangu anatembea na rozari.

Nilijiona muntu wa akili sana.

Lakini kichwa kilikuwa kinaniuma karibu kila siku. Tumbo inajaa hewa. Na kitu chenye hakina utamu mukali, kwangu hakikuwa tena chakula. Hata nanasi ya kuiva niliona iko kama maji.

Sasa njo tufike ku jambo lenyewe.

Nilikuwa nimepata muchumba, Furaha. Kwao ni wafugaji, juu mu milima ya Masisi. Siku ya kujionyesha kwa wazazi nilipanda na kaka yangu mukubwa, Kambale, kila mumoja ku moto yake (pikipiki), matope mpaka ku magoti.

Walitupokea muzuri sana. Papa yake Furaha akaleta maziwa ya kuchachuka, mazito, mu chombo kimoja cha mbao. Kule iko desturi: mwenye nyumba anakunywa wa kwanza mbele yako, ili uone hakuna kitu kibaya ndani. Kisha anakupatia, na wewe unapitisha kwa wengine.

Wakuu, munajua vile muntu wa kwetu anaogopa sumu. Sihitaji kueleza mingi.

Papa akakunywa, akanipatia. Nikaonja. Uchachu ukanishika mpaka masikio. Muntu mumoja akabisha mulangoni, Papa akageuka kumujibu.

Mukono yangu ikaingia mufukoni yenyewe. Nikatupa tuvidonge tuwili ndani ya maziwa.

Sikuwaza mubaya hata kidogo. Nilikuwa nafanya vile nafanya kila siku kwetu.

Ile tuvidonge ikaanza kutoa povu. Tsss.

Shangazi yake Furaha alikuwa ameketi mbele yangu. Akasimama.

"Weye! Unatia nini mu maziwa ya batu?"

Furaha akaangalia chini. Nikaanza kueleza, hakuna mwenye alisikiliza. Kambale njo alisema kwa sauti ya kidogo: "Kunywa. Yote. Sasa hivi."

Nikakunywa yote. Chombo kilikuwa kikubwa, wakuu. Kisha nikatoa kakopo, nikatafuna tuvidonge tungine mbele yao, nikasema ni utamu tu, sababu ya ugonjwa wa baba yangu.

"Tungojee kidogo," Papa akasema.

Tukangojea. Tumbo yangu ikaanza kunguruma, kila muntu anasikia. Shangazi akasema: "Kama ni kufa, afie ku barabara. Hapa kwetu hapana."

Muntu mumoja akacheka, sijui nani. Papa hakucheka. Aliniuliza polepole, bila kasirani:

"Mutoto yangu, maziwa ya ng'ombe zangu ilikukosea nini?"

Nikaweka chombo tupu chini, mbele yake.

Hawakunifukuza, niseme ukweli. Lakini tulishuka bila kuambiwa siku ya kurudi. Ku njia nilijua naweza kupoteza Furaha sababu ya kitu chenye hata sikuwa na kiu nacho. Nilipofika Bweremana, kakopo nikatupa mu choo. Zéro nazo nikaacha.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Kichwa kiliuma kuliko zamani, na nilikuwa nagombana na wateja bule. Kisha ikapunguka. Nikaanza kukunywa maji. Siku moja nikakula nanasi, nikaona iko tamu mpaka nikamuuliza mama muuzaji kama ametia kitu. Akanitukana.

Lakini niwe wa haki. Muuguzi mumoja wa hapa, nilipomueleza, alisema ile vitu haiko sumu, na kwa muntu fulani inasaidia kuacha sukari. Ubaya ilikuwa vile nilikunywa mingi na maji hapana. Pia wakati ule niliacha beignets (maandazi) na nikaanza kulala mapema. Sasa nini njo iliniponesha? Sijui. Mwenye ugonjwa wa sukari asifuate uzi wangu, aulize muganga wake wa hospitali.

Kisha Furaha akapiga simu: "Papa anasema urudi. Anasema uje na mifuko tupu."

Nilirudi. Papa akakunywa, akashika chombo bila kunipatia, anaangalia mikono yangu. Nikaifungua yote mbili juu, sawa muntu anaomba. Shangazi naye: "Mifuko pia!" Nikageuza mifuko inje. Nyumba yote ikacheka, na safari hii Papa naye.

Nikakunywa. Ilikuwa chachu bado. Lakini chini ya uchachu kulikuwa na utamu kidogo, wa mbali. Ulikuwa pale hata siku ya kwanza, nafikiri.

Furaha yuko hapa pembeni, ananiambia niandike kwamba leo njo mimi nakunywa mingi kuliko Papa yake. Ni kweli.

Nilichojifunza: kabla ya kutia kitu, onja kwanza mpaka mwisho.

Wenye mumeacha hizi zéro, nanyi kichwa kiliwauma? Na kama nimekosea mahali, munirudi kwa upole.